Beji ya Nane ya Leonidas

Mdogo wangu Leonidas alizikwa na beji nane kifuani.

Saba alizishinda mwenyewe akiwa hai. Ya nane alivalishwa akiwa ameshafariki. Aliyemvalisha ni binti wa mwenye shamba, mbele ya waombolezaji wote, huku shavu lake likiwa limevimba kwa kofi la baba yake.

Kwa zaidi ya miaka ishirini niliamini kwamba ninaelewa kilichotokea siku ile.

Nilikuwa sielewi chochote.

Naitwa Deodatha. Mimi ni mwalimu, kwa hiyo mtaniwia radhi nikisimulia kwa mpangilio.

Ilikuwa mwaka 1999. Nilikuwa na miaka kumi na minne, Leonidas kumi na mmoja. Tuliishi Nyakatuntu, huko Kyerwa, siku hizo ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Karagwe.

Baba yetu, Celestin, alitoka ng'ambo ya mpaka, akavuka mto Kagera akiwa kijana. Alipata kibarua kwa Mzee Methodius, mtu wa Muleba, mtumishi wa serikali aliyestaafu na kugeukia biashara ya kahawa. Kibanja chake cha migomba na mibuni kilikuwa kikubwa kuliko vyote mteremkoni.

Sisi tulikaa kwenye kibanda nyuma ya zizi lake.

Kibanja kile kilikuwa na njia mbili. Njia ya mbele ilifagiliwa kila asubuhi na kupandwa maua pande zote. Ilikuwa ya wenye nyumba na wageni wao. Njia ya nyuma ilipita kwenye samadi. Hiyo ilikuwa yetu.

Hakuna aliyewahi kutukataza kwa maneno. Tulizaliwa tukijua.

Mzee Methodius alikuwa na binti wa mwisho, Kokugonza, rika langu. Likizo ile mjomba wake alimletea gemu ya mkononi kutoka Kampala. Kidude chenyewe kilikuwa kama kipande cha sabuni ya mche, na kilikuwa na kioo kidogo cha kijivu.

Basi sisi watoto wa mteremko tulikusanyika pale penye majamvi ya kuanikia kahawa, vichwa vimegusana, tukitazama kioo kile kama watu wanaochungulia kisima.

Ndani ya gemu unakamata mazimwi madogo. Unayalea, unayafundisha kupigana, unazunguka nayo nchi nzima. Kuna mabingwa wanane. Ukimshinda bingwa, anakupa beji.

Na beji zile si pambo. Kila moja ina faida yake. Kuna inayoyaongezea mazimwi yako nguvu. Kuna inayokuruhusu kuvuka maji. Na kuna inayolifanya zimwi ulilopewa na mtu mwingine likutii, kwa sababu bila beji hiyo linakudharau. Linaweza hata kulala usingizi katikati ya pambano.

"Kama ng'ombe wa kuchungia watu," alisema Leonidas. "Unamwita, anakuangalia tu."

Tulicheka sana.

Haukupita muda betri zikaisha. Redio ya Mzee Methodius ilikuwa na betri, lakini kuzigusa ilikuwa ni kujitafutia balaa.

Kokugonza akakiweka kidude chini. Tukabaki tumeduwaa.

Leonidas akainuka, akaenda kwenye shina la mgomba lililooza, akafukua kwa vidole. Alirudi na mbawakawa mweusi, mnene, mwenye pembe kichwani.

"Zimwi hili hapa," alisema. "Halitaki betri."

Hivyo ndivyo mchezo wetu ulivyoanza.

Uwanja ulikuwa kipande cha mgomba uliokatwa. Unaweka mbawakawa wako upande huu, mwenzako upande ule, wanasukumana kwa pembe. Anayeangushwa ameshindwa.

Kila kibanja kilikuwa na bingwa wake, na kila bingwa alitoa beji. Vibanja vilikuwa vinane. Tuliona kama gemu yenyewe imetuhesabu.

Beji zilikuwa vizibo vya soda. Unabandua kile kijiplastiki cha ndani kwa uangalifu. Unaweka kizibo juu ya shati, kijiplastiki unakipitisha chini ya shati, kisha unavibana pamoja. Kizibo kinashika kitambaa, kinang'aa kifuani kama nishani ya askari.

Faida tulizipanga wenyewe. Ukishinda beji ya kwao Anastazi, unaokota mapera yaliyoanguka kwao na mbwa wao anafungwa. Ukishinda ya kwao Vestina, unavuka gogo lao la kijitoni bila kuomba. Beji ya kwao Anonciata ilikuruhusu kupigana na mbawakawa wa kuazima, ushindi ukawa wako.

Nanyi msicheke. Sheria zile tuliziheshimu kuliko sheria za shule.

Leonidas alimwita mbawakawa wake Tingatinga. Alimlisha ndizi mbivu iliyopondwa na kumfanyisha mazoezi ya kusukuma kokwa za parachichi. Mama yetu, Speciose, alimwambia, "Mwanangu, ungekuwa unasoma hivyo ungekuwa padri."

"Padri hana beji, mama."

"Ana msalaba."

"Mmoja tu!"

Mama alimtupia mwiko, naye akakimbia huku akicheka.

Alishinda kwao Vestina. Alishinda kwao Anonciata. Alipomwangusha mbawakawa wa Anastazi, Anastazi alinuna hadi midomo ikachongoka.

"Wewe Leo, huyo mdudu wako anakula nini? Saruji?"

"Anakula wivu wenu."

Shati lake lilikuwa moja tu la maana, la shule. Vizibo vikaongezeka hadi vikawa saba. Alipotembea, vilisikika.

Nataka mwelewe jambo hili. Leonidas alikuwa mtoto wa kibarua. Kabla ya mchezo ule, akionekana kwenye kibanja cha watu, aliulizwa anatafuta nini. Sasa alipita vibanja saba kifua mbele, na watoto wa nyumba wakampisha.

Ilibaki beji moja. Ya kwa Mzee Methodius. Bingwa wake alikuwa Kokugonza, na mbawakawa wake aliitwa Meja.

Leonidas alimuuliza mbele yetu sote, "Beji ya kwenu ina faida gani?"

Kokugonza alifikiri.

"Mwenye beji yetu anaingia kwa njia ya mbele. Na hafukuzwi."

"Hata akiwa na miguu michafu?"

"Hata akiwa na miguu michafu."

Nilimtazama mdogo wangu usoni nikajua kwamba kwake mchezo ulikuwa umekwisha. Sasa alikuwa anataka kitu.

Walipigana Jumamosi mchana, wawili peke yao. Sisi wengine tulikuwa tumeenda kuteka maji.

Niliporudi nilimwona akija kwa njia ya nyuma, kichwa chini.

"Vipi?" nilimuuliza.

"Bado."

Tingatinga alikuwa kiganjani mwake, amepungukiwa mguu mmoja.

Jumanne Leonidas akashikwa na homa. Jumatano akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Alhamisi baba na majirani walimbeba kwa machela kumpeleka hospitali.

Ijumaa mchana walirudi naye. Walikuwa wanatembea polepole. Kwa namna walivyotembea, mama alijua kabla hawajafika, akakaa chini palepale kwenye samadi.

Sitasimulia kilio chake. Kuna mambo hata mwalimu hawezi kuyapangilia.

Msiba ukaleta swali lingine.

Kwetu huku mtu anazikwa kwenye kibanja chake, katikati ya migomba yake. Mwenye kibanja halali peke yake; babu yupo pale, bibi yupo pale. Kaburi ndilo linaloonyesha kwamba ardhi ni yenu.

Sasa, asiye na kibanja anazikwa wapi?

Baba alikwenda kwa Mzee Methodius, kofia mkononi. Nilikuwa nyuma yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Celestin. Pole sana."

"Waitu mzee," baba alitamka kwa heshima ya kwetu, "naomba pahala pa mtoto kulala. Hata pembeni kabisa. Hata kule kwenye mawe."

Mzee alitazama migomba yake kwa muda mrefu. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu wa taratibu, na hilo wakati mwingine ni baya zaidi.

"Celestin, leo nikikupa kaburi, kesho wajukuu wako watakuja kuwaambia wajukuu zangu kwamba humu kuna mtu wao. Hapo nitakuwa nimegawa shamba. Nitatoa sanda. Nitatoa mbao. Ardhi, hapana."

Watoto wenzetu walisikia. Kila mmoja akakimbia kwao kuwaeleza wazazi kwamba Leonidas ana beji yao, na mwenye beji anaruhusiwa kuingia.

Wote walirudi na jibu moja. Vestina alirudi analia. Baba yake alikuwa amemwambia, "Vizibo vya soda, binti yangu? Nenda kanawe uso."

Ikaamuliwa Leonidas azikwe kesho yake chini kabisa, ng'ambo ya malisho, kwenye vichaka vya mtoni. Huko nguruwe pori hufukua hata mihogo yenye mizizi mirefu.

Mama aliposikia alisema sentensi moja tu. "Watamfukua."

Jumamosi watu walikusanyika uani kwetu. Leonidas alilazwa kwenye jeneza la mbao za mzee, amevaa shati lake la shule. Mama alikataa vizibo vitolewe. "Ndiyo mali yake," alisema.

Kabla ya kubeba jeneza kuna jambo linalofanywa. Mkubwa wa pale husimama na kuuliza kama marehemu anadai au anadaiwa, ili asizikwe na deni.

Mkubwa alikuwa Mzee Methodius. Akasimama na fimbo yake, akauliza kwa kutimiza desturi tu. Nani amdai mtoto?

"Kuna anayemdai marehemu?"

Watu walitikisa vichwa.

"Kuna ambaye marehemu anamdai?"

"Mimi."

Shingo zote ziligeuka. Kokugonza alikuwa amesimama kati ya wanawake, amevaa kanga ya mama yake.

"Kaa chini," alisema Mzee Methodius.

"Baba, ananidai. Jumamosi iliyopita tulishindana. Alinishinda. Nilitakiwa nimpe beji ya kwetu. Nikamnyima."

"Kwa nini ulimnyima?" aliuliza Egbert, mwenyekiti wa kitongoji.

Kokugonza aliinamisha kichwa. "Kwa sababu ni mtoto wa kibarua."

Uwanja mzima ulisikika ukivuta pumzi.

Mzee Methodius alimfuata bintiye kwa hatua ndefu, akampiga kofi. Mlio wake hadi leo ninausikia. Kokugonza aliyumba, hakuanguka.

"Umemdhulumu maiti! Umenivua nguo mbele za watu!"

"Nalipa, baba."

"Basi lipa, tuondoke!"

Ndipo Anastazi, yule aliyenunishwa, akapaza sauti. "Na faida yake je? Beji ya kwa mzee ina faida! Mwenye nayo anaingia kwa njia ya mbele, na hafukuzwi!"

"Ndiyo!" walipokea watoto wengine. "Hafukuzwi! Alisema mwenyewe!"

Mzee alitaka kuwakemea. Egbert akamgusa mkono.

"Mzee Methodius, umeuliza mwenyewe, na umejibiwa. Deni la marehemu linalipwa lote. Au mwenzetu unataka tulipunguze?"

Watu walimtazama mzee. Yeye ndiye aliyekuwa akiamua mashauri ya watu wote. Alikuwa amefunza kijiji kizima kwamba neno likishasemwa hadharani, linasimama.

Aliegemea fimbo yake. Kisha akaangalia chini, akasema, "Mlipeni."

Kokugonza alipiga magoti kando ya jeneza. Alitoa kizibo mfukoni, akakiweka kifuani pa Leonidas, karibu na vile saba.

Mnakumbuka nilivyoeleza kwamba kijiplastiki hupitishwa chini ya shati?

Ilibidi auingize mkono wake ndani, ukutane na kile kifua kilichopoa. Kizibo hakikushika mara ya kwanza. Hakikushika mara ya pili.

Mama yangu alipiga magoti upande wa pili, akamshikia kitambaa.

Kikashika.

Leonidas akapita njia ya mbele, katikati ya maua, amebebwa mabegani. Akazikwa kwenye migomba ya Mzee Methodius.

Laiti kisa kingeishia hapo.

Matanga yalipokwisha, mzee alimwita baba.

"Nimelipa deni la mwanangu. Sasa nisikilize vizuri. Beji ni ya mtoto. Nyinyi hamna. Mkiendelea kukaa hapa, kaburi lile litakuwa shina la kesi. Mvune kahawa iliyoiva, kisha mhame."

Baba hakubishana. Angebishana kwa beji gani?

Tulihamia Rugu, kwa mjomba wake baba. Asubuhi ya kuondoka mama alikwenda kuaga kaburi. Alipita njia ya nyuma. Nilimwambia apite mbele, akatikisa kichwa. "Ile ni ya Leonidas."

Sasa niambieni. Mngekuwa mimi, mngemchukia nani?

Mzee nilimchukia kidogo. Kokugonza nilimchukia kabisa. Niliwaza kwamba angempa mdogo wangu haki yake siku ile ile, Leonidas angepita njia ya mbele kwa miguu yake mwenyewe, hata mara moja. Nilisikia pia kwamba Nyakatuntu walimpa jina, wakamwita Mdhulumu Maiti. Watoto walimkimbia njiani. Alikula shuleni peke yake hadi alipomaliza.

Nilifurahi.

Nilisoma, nikaenda chuo cha ualimu, nikapangiwa Kihanga. Baba alifariki, na tayari tulikuwa na kakibanja ketu Rugu ka kumlaza.

Mwaka jana ilikuja timu ya chanjo shuleni kwetu. Muuguzi mkuu alikuwa mwanamke mrefu mwenye mvi chache mbele. Alisoma jina langu mlangoni, akasimama.

"Deodatha wa Celestin?"

Nilimjua kwa sauti.

"Karibu, Kokugonza. Chanjo ni darasa la kwanza na la pili."

Alikaa bila kukaribishwa kiti.

"Bado unanichukia."

"Ulimnyima mtoto beji yake."

Alitazama dirishani, wanafunzi wakicheza mpira wa makaratasi.

"Deodatha, Leonidas hakunishinda."

Nilidhani sikusikia sawasawa.

"Meja alimwangusha Tingatinga mapema tu. Mguu ukabaki kwenye gogo. Leonidas aliuokota, akautia mfukoni. Hakulia. Aliniambia, 'Kokugonza, nitarudi Jumamosi.'"

Nilishika ukingo wa meza.

Bado. Alisema bado. Nami miaka yote ile nilidhani neno lile lilikuwa malalamiko.

"Sasa kwa nini ulisema..."

"Ningesema nini? Ningesema nampa zawadi, baba angecheka. Alikuwa ameshawanyima nyinyi zawadi. Nilijua kitu kimoja tu ambacho hawezi kukikataa hadharani. Deni. Na ili liwe deni, ilibidi mimi niwe mdhalimu."

"Na lile neno la mtoto wa kibarua?"

"Nililitafuta neno baya kuliko yote niliyokuwa nayo. Ningetaja dogo, wasingeniamini." Alinigeukia. "Sikujua kwamba angewafukuza. Hilo sikulipanga. Naliombea msamaha hadi leo."

"Mzee alijua?"

"Alikufa akiamini kwamba alizaa mwizi. Ningemwambia ukweli, angefukua."

Alisema hivyo kwa utulivu kabisa, kama mtu anayetaja uzito wa mtoto.

Alikuwa na miaka kumi na minne, jamani. Aliuchukua uchafu ule akajipaka mwenyewe, akaishi nao shuleni, nyumbani na kanisani, hajawahi kufungua mdomo. Aliolewa mbali kwa sababu Nyakatuntu hakuna aliyemtaka.

Nililia kama nilivyoshindwa kulia mwaka 1999.

Kokugonza aliniacha nilie. Kisha akasema, "Kibanja ni changu sasa, nimekinunua kwa ndugu zangu. Kaburi lipo, nimelijengea. Njia ya mbele inafagiliwa kila siku. Mlete mama."

Nilimleta. Mama ni mzee, anatembea kwa fimbo. Tulipofika kwenye maua alisita, akatafuta kwa macho ile njia ya nyuma.

Kokugonza alimshika mkono. "Mama Deodatha, shikamoo. Pita."

"Mwanangu, miguu yangu ina matope."

"Pita hivyo hivyo."

Nawaachia somo langu, fupi kama ninavyowaambia wanafunzi. Ukiona mtu ana heshima yake kifuani, usiishie kuuliza alimshinda nani. Pengine kuna aliyekubali kuitwa mbaya maisha yake yote ili heshima hiyo ishike. Mtafute akiwa hai. Mimi nilichelewa sana, na wa kwangu nilimkuta bado anasubiri.

Beji ya nane Leonidas hakuishinda.

Lakini alisema atarudi Jumamosi. Na Jumamosi alirudi, kwa njia ya mbele.

Hajafukuzwa.